Mfalme na Baraza: Falme za Kale za Wahindi na Nchi Isiyo na Mfalme kati ya Ruiru na Thika

 

Nimeombwa nizungumzie kuinuka kwa falme za kwanza miongoni mwa watu wa kale wa India. Nimekubali kwa furaha, ila nimeomba ruhusa ya kuiweka historia hiyo kando ya historia ya ardhi hii tunayoikanyaga. Ninayo sababu. Maduka, viwanda na shule za Thika zimejengwa na watu wa asili zote mbili, na tangu Julai 2017 serikali inawatambua rasmi Wakenya wenye asili ya Asia kuwa jamii ya 44 ya nchi hii. Watoto wetu wanaketi dawati moja, lakini kila mmoja anarudi nyumbani na historia yake, na ya mwenzake haijui. Leo tuzisome pamoja.

Kusudi langu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba ufalme hauzuki kwa sababu watu fulani wamestaarabika kuliko wengine. Huzuka pale ziada ya chakula, njia ya biashara na silaha vinapoangukia katika mkono mmoja. Pale watu wanapoweza kuuzuia mkono huo, huishi kwa baraza. Kwa hiyo tukitaka kulipima taifa lolote, la kale au la leo, tuulize maswali mawili: nani ameshika ufunguo wa ghala, na nani ana haki ya kumhoji? Nitalieleza hilo kwa hoja tano.

Hoja ya kwanza: utaratibu ulitangulia wafalme

Watu wengi hudhani kwamba kabla ya mfalme palikuwa na vurugu. Ushahidi wa India unakataa. Katika bonde la mto Indus, kati ya mwaka 2600 na 1900 KK hivi, palikuwa na miji mikubwa kama Mohenjo-daro na Harappa. Matofali yake yalifuata vipimo vya uwiano mmoja, hata katika miji iliyotengana kwa mamia ya kilomita. Nyumba zilikuwa na mifereji ya maji machafu iliyofunikwa vizuri kando ya barabara. Wafanyabiashara walitumia mawe ya mizani yaliyolingana uzito. Hata hivyo, wachimbaji wa mambo ya kale hawajapata jengo wanaloweza kulitaja bila shaka kuwa ikulu, wala kaburi la kifahari la mfalme. Miji ilipimwa, ikasafishwa, ikafanya biashara ya mbali, na jina la mtawala hata mmoja halikutufikia.

Baada ya miji hiyo kudhoofika, tunakutana na watu wa zama za Veda, wafugaji wa ng'ombe na farasi. Hao walikuwa na kiongozi waliyemwita raja, lakini msidhani ni mfalme wa kukaa kwenye kiti cha dhahabu. Alikuwa kiongozi wa kabila lake vitani, na vita vyenyewe mara nyingi vilikuwa vya kunyang'anyana ng'ombe. Alizungukwa na mikutano miwili, sabha na samiti, ambamo mambo ya watu yalizungumzwa. Alipewa zawadi na watu wake, na yeye akagawa nyara. Hakuwa na jeshi la kudumu wala karani wa kodi. Aliwaongoza watu, na watu wenyewe waliweza kuhama na mifugo yao.

Hoja ya pili: ufalme ulizaliwa ghalani

Mambo yalibadilika watu hao walipoelekea mashariki, kwenye bonde la mto Ganges. Huko mvua ni nyingi, udongo ni mzito, na mpunga hustawi. Mkulima wa mpunga hulima eneo dogo akavuna chakula kingi, lakini hawezi kulibeba shamba lake mgongoni akakimbia. Amefungwa na tuta, mfereji na msimu. Basi ghala lake linahesabika, na kinachohesabika hutozwa kodi.

Maandiko ya Kibuddha yanataja kwamba kufikia karne ya 6 KK palikuwa na dola kubwa 16, ziitwazo mahajanapada. Vijana, andikeni majina ya nne zilizokuwa na nguvu zaidi: Kosala, Vatsa, Avanti na Magadha. Mwishowe Magadha ndiyo iliyozimeza nyingine. Kwa nini Magadha? Tazameni ramani. Ardhi yake ilikuwa ya rutuba. Kusini mwake palikuwa na madini ya chuma, ya kutengenezea majembe na silaha. Misitu ya jirani ilitoa ndovu wa vita. Mto Ganges na vijito vyake vilikuwa barabara ya mizigo, na aliyekaa kando yake aliweza kutoza ushuru kila chombo kilichopita. Mji wake mkuu wa kwanza, Rajagriha, ulizungukwa na vilima kama ngome. Wafalme Bimbisara na mwanawe Ajatashatru walikuwa hodari, ndiyo, lakini walisimama juu ya mpunga, chuma, ndovu na mto.

Kuna kitu kidogo kinachoeleza jambo hili vizuri kuliko kurasa nyingi: sarafu za zama hizo. Ni vipande vyembamba vya fedha vilivyokatwa kwa mkono, vingi vikiwa na pembe zilizopunguzwa ili uzito utimie. Havina uso wa mfalme wala maandishi. Juu yake zimegongwa alama, moja moja, kwa mihuri tofauti: jua, mduara wenye mikono sita, mnyama, mti. Fikirieni sarafu hiyo kiganjani mwa mwenye duka. Haimwambii mfalme anaitwa nani, lakini inamhakikishia kwamba kuna mtu ameipima fedha hii, ameikubali, na kesho ataidai kodi kwa fedha hiyo hiyo. Dola ilikuwa imekwisha kuingia mfukoni mwa raia kabla hajauona uso wa mtawala wake.

Kukua huko kwa dola kuliendelea hadi Chandragupta Maurya alipotwaa Magadha mnamo 321 KK hivi, na hadi mjukuu wake Ashoka, aliyetawala karibu Bara Hindi lote. Ashoka mwenyewe aliandikisha juu ya mwamba kwamba katika vita vya Kalinga watu 100,000 waliuawa na 150,000 wakahamishwa kwa nguvu, na kwamba alijuta. Majuto yake ni ya heshima, kwa kuwa wafalme wachache wamewahi kuyachonga kwenye jiwe. Lakini hesabu hiyo pia ndiyo bei ya ghala lililoshikwa na mkono mmoja.

Msidhani kanuni hii ni ya India peke yake. Nchini Uganda, mahandaki makubwa ya Bigo bya Mugenyi, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 10, yalichimbwa na watu walioweza kukusanya nguvukazi nyingi mahali pa malisho mazuri ya ng'ombe. Bunyoro ilipata nguvu kwa chuma, na kwa chumvi ya Kibiro kando ya Ziwa Albert. Buganda ilisimama juu ya migomba, inayozaa mwaka mzima, na juu ya mitumbwi ya ziwani. Kilwa, iliyotembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331, ilitajirika kwa dhahabu ya Sofala iliyopita bandarini mwake, na masultani wake wakatengeneza sarafu zao. Hapa Kenya, ufalme wa Wanga ulikuwa na Nabongo wake. Kila mara utakuta kitu kinachohesabika na njia inayozuilika.

Hoja ya tatu: ufalme haukuwa njia pekee, hata India

Katika zile dola 16, si zote zilikuwa na wafalme. Vajji, kaskazini ya mto Ganges, ilikuwa muungano wa koo, na mji wake mkuu ulikuwa Vaishali. Walioiongoza walikutana katika ukumbi, wakajadiliana, wakaamua pamoja. Ilikuwa jirani ya Magadha, na Ajatashatru aliitamani.

Maandiko ya Kibuddha yanasimulia kwamba mfalme huyo alimtuma waziri wake, Vassakara, kwa Buddha ili apate kujua kama Vajji inaweza kushindwa. Buddha hakumjibu moja kwa moja. Alimgeukia mwanafunzi wake Ananda akamwuliza: je, watu wa Vajji wanakutana mara kwa mara? Wanakutana kwa umoja na kuachana kwa umoja? Wanazishika sheria zao za tangu zamani? Wanawaheshimu wazee wao? Wanawalinda wanawake wasitekwe kwa nguvu? Wanatunza mahali pao patakatifu? Wanawapokea na kuwalinda watu watakatifu? Kwa kila swali Ananda alijibu ndiyo. Buddha akasema kwamba maadamu wanafanya hivyo, watastawi. Waziri akaelewa mara moja: hawa hawashindwi kwa vita, labda kwa hila na kwa kuwagombanisha.

Masimulizi ya baadaye yanaendelea. Vassakara alijifanya amefukuzwa na mfalme wake, akakimbilia Vaishali, akapokewa kwa ukarimu. Kisha akaanza kazi. Alimvuta mmoja kando akamwuliza jambo dogo lisilo na maana. Wenzake walipomwuliza yule mtu ameambiwa nini, akasema ukweli, nao hawakuamini. Alifanya hivyo kwa huyu na kwa yule, kwa miaka mitatu. Kila mtu akawa na shaka na mwenzake. Ngoma ya mkutano ilipopigwa, hakuna aliyekwenda. Ndipo Ajatashatru akaingia.

Mnaona, ndugu zangu, baraza halikuvunjwa kwanza na ndovu. Lilivunjwa na minong'ono.

Hoja ya nne: kati ya Ruiru na Chania watu walijenga nchi bila mfalme

Sasa turudi nyumbani. Ninyi mnaolima au kupita juu, Gatundu na Gatanga, mnajua sura ya nchi: mgongo, bonde, mto, mgongo, bonde, mto. Mito inateremka kutoka Nyandarua, na ukitaka kwenda kwa jirani wa mgongo wa pili, utashuka na kupanda. Mto Chania ulikuwa mpaka wa kale kati ya Wakikuyu wa Kabete, yaani Kiambu, na wale wa Metumi, yaani Murang'a. Nyanda za chini, ulipo mji wa Thika, zilikuwa mahali ambapo Wakikuyu, Wamaasai na Wakamba walikutana, wakati mwingine kwa biashara, wakati mwingine kwa mikuki.

Katika nchi ya namna hiyo, ziada ilikuwepo: mawele, njahi, viazi vikuu, ndizi, mbuzi. Lakini ilitawanyika. Ardhi, githaka, ilikuwa mali ya mbari, yaani watu wa babu mmoja, na kila mgongo ulikuwa na wake. Hapakuwa na mto mmoja mkubwa wa kupitisha mizigo yote, wala bandari. Biashara ya safari ndefu kwenda pwani ilikuwa zaidi mikononi mwa Wakamba. Na aliyechoshwa na ndugu zake aliweza kuhama, akafyeka msitu mbele, akaanzisha mbari yake. Ni vigumu kumtawala kwa mabavu mtu mwenye panga na msitu mbele yake.

Lakini jiografia peke yake haitoshi kueleza. Watu hawa walikuwa wamelifikiria suala la ufalme, wakalikataa. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938, *Facing Mount Kenya*, aliandika masimulizi ya wazee kwamba zamani Wakikuyu walikuwa na mfalme. Aliwalazimisha wanaume wote kuwa askari na kuhamahama naye, akawazuia kulima, njaa ikaingia. Watu walimsihi awaache wakae mahali pamoja na kulima. Akakataa. Wakaasi, wakamwondoa. Rika lililoasi liliitwa Iregi, na lililofuata, lililofyeka mashamba na kuweka utawala mpya, likaitwa Ndemi.

Sasa wekeni masimulizi hayo kando ya ya India. Katika Aggañña Sutta, andiko la Kibuddha, inasimuliwa kwamba zamani watu waligawana mashamba ya mpunga. Mmoja akaiba fungu la mwenzake, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Watu wakakutana, wakamchagua mmoja wao mwenye haiba na uwezo, awaadhibu wakosaji, nao wakaahidi kumpa sehemu ya mpunga wao. Huyo akawa mfalme wa kwanza. Wahindi wa kale walisimulia jinsi walivyomweka mfalme ili awalindie shamba. Wakikuyu walisimulia jinsi walivyomwondoa mfalme ili wapate kulima. Yote mawili yanatufundisha jambo moja: mamlaka hutoka kwa watu, na hutolewa kwa ajili ya shamba.

Baada ya kumwondoa mfalme, walijenga nini? Walijenga kiama, baraza la wazee, lenye ngazi zake. Mtu alipanda ngazi kwa umri, kwa tabia, na kwa kutoa mbuzi, ambao waliliwa na baraza zima, hawakwenda kwenye zizi la mtu mmoja. Walikuwa na marika yaliyochukua utawala kwa zamu. Katika sherehe ya ituika, iliyofanyika baada ya miaka 30 hadi 40 hivi, kizazi kizima kilikabidhi mamlaka kwa kizazi kilichofuata. Hapakuwa na wa kusema kwamba bila yeye nchi itaanguka.

Tutazame kesi ya mpaka wa shamba. Wadai wawili walisimama hadharani, kila mmoja na mashahidi wake, na yeyote alikuwa huru kusikiliza. Baada ya hoja kuisha, wazee wachache, ndundu, walijitenga wakashauriana, kisha wakarudi na uamuzi. Kondoo alichinjwa. Wazee walitembea kwenye mstari wa mpaka wakinyunyiza yaliyotoka tumboni mwa kondoo huyo, na nyuma yao yakapandwa matoka, maua yenye kiazi kigumu kufa, yakawa ndiyo alama. Hati ya shamba ilikuwa ua lililo hai na watu walioliona likipandwa.

Hoja ya tano: tusiyapambe mabaraza, wala tusisahau yalivyovunjwa

Mwanahistoria hana ruhusa ya kuwasifu mababu kuliko walivyostahili. Ukumbi wa Vaishali ulikuwa wa watu wa koo za kitawala. Mtumwa na kibarua hawakuwa na sauti humo. Kiama kilikuwa cha wanaume. Wanawake walikuwa na mabaraza yao, lakini hukumu ya ardhi haikuwa yao. Muhoi, yaani aliyelima kwa hisani kwenye githaka cha mwingine, hakusimama sawa na mwenye mbari. Baraza linaweza kudhulumu kama mfalme anavyoweza, iwapo walio nje hawasikiki.

Pamoja na hayo, mabaraza haya hayakufa kwa kasoro zake. Yaliondolewa. Waingereza walipokuja walitafuta mfalme wa kutia sahihi, wakamkosa, basi wakatengeneza machifu. Sheria ya mwaka 1902 ilimpa mkuu wa kijiji mamlaka kutoka kwa serikali, si kutoka kwa rika lake. Kodi ya nyumba ikaja. Mashamba ya mkonge na kahawa yakatandazwa kati ya Ruiru na Thika, na mwaka 1913 reli ikafika Thika. Kipande, yaani cheti cha kitambulisho, kikamfanya kila mwanaume wa Kiafrika atembee na hesabu yake shingoni. Kwa mara ya kwanza katika nchi hii, ziada yote ilipita njia moja, na njia hiyo ilikuwa na mwenyewe. Yaliyotukia Magadha kwa karne kadhaa yalitukia hapa kwa miaka michache, tena kwa mkono wa mgeni. Ituika iliyoanza kuandaliwa miaka ya 1920 ilipigwa marufuku. Mkoloni alijua vizuri maana ya watu wanaokabidhiana madaraka bila yeye.

Tufanye nini?

Mwenyekiti, naona muda wangu unakwisha, lakini sitaki tuondoke na historia tu.

Katiba ya mwaka 2010 inasema mamlaka yote ni ya wananchi. Imetupa kaunti 47, imewawekea rais na magavana mihula miwili isiyozidi, na imeagiza wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Kwa mizani ya leo, hizo ni ituika na kiama katika sheria moja, na safari hii wanawake na wasio na ardhi wamo ndani. Kilichobaki ni sisi kuyatumia mambo hayo.

Ninawaomba mambo matatu. Kwanza, bajeti ya Kaunti ya Kiambu inapoletwa kwa wananchi, twende, tukae hadi mwisho, tuulize maji, masoko na barabara za mitaani zimetengewa kiasi gani. Swali la kwanza la Buddha kwa Ananda lilikuwa kama watu wanakutana mara kwa mara. Tujiulize hilo kwa unyofu, kwa maana ukumbi mtupu unampa mwenye ghala ufunguo bila kumwomba.

Pili, tukatae minong'ono. Kila uchaguzi anakuja Vassakara wa kutuambia kwamba jirani fulani si wa hapa, Mkamba huyu, Mhindi yule, Mluo wa mtaa wa pili. Lengo lake si kutulinda. Lengo lake ni kwamba ngoma ikipigwa, tusiende pamoja.

Tatu, walimu na vijana, tuandike. Wazee wanaojua mipaka ya matoka, majina ya marika na kesi za kiama wanazidi kupungua. Familia za Kihindi zilizofungua maduka hapa enzi za reli zina barua, picha na vitabu vya hesabu kabatini. Shule za Thika na Ruiru zinaweza kukusanya kumbukumbu hizo kwa mpango, zikazihifadhi katika maktaba zetu, ili mtoto wa darasa la saba asome Magadha na Metumi katika somo moja na aone kwamba ni swali moja lililojibiwa kwa njia mbili.

Wajukuu wetu wataishi katika mji mkubwa kuliko huu, wenye kodi nyingi zaidi na njia nyingi zaidi za kuzikusanya. Ghala litakuwa kubwa. Tukianza sasa kuwazoeza kuhudhuria, kuhoji na kukabidhi madaraka kwa wakati, hawatahitaji kumsubiri mfalme mwema.